Kidude kisicho na jina hakikosi kutupwa

Katika Kiswahili tunalo neno "dude", na udogo wake "kidude", ambalo mtu hulitumia akutanapo na kitu asichokijua jina. Ni neno lenye manufaa makubwa, kwani bila ya hilo mazungumzo yetu yangekwama kila mara mbele ya mashine. Lakini ni neno la hatari pia. Mwezi uliopita nilisimama katika uwanja mmoja wa mafundi wa magari na pikipiki, nikimtazama kijana hodari akilegeza nati chini ya boneti ya gari dogo lililotoka Japani. Akachomoa mkebe mweusi wa plastiki uliounganishwa na mipira myembamba, akautupa juu ya rundo la vyuma vikuukuu. Nilipomuuliza ni kitu gani hicho, alinijibu kwa heshima zote: "Hiyo ni kidude tu, mwalimu. Gari inaenda bila hiyo."

Upatanisho wake wa kisarufi tuuache kwa leo. Alisema kweli: gari lilikwenda. Nami sikuwa na uso wa kumlaumu, kwa sababu kosa hilo hilo nilikwisha kulitenda mimi mwenyewe miaka kadhaa iliyopita, tena nikiwa na kitabu cha maelezo mkononi na elimu ya kukisoma.

Wakati huo nilikuwa nikisomea shahada ya uzamifu katika jimbo la California, huko Marekani. Mwanafunzi wa kigeni hana fedha za gari, kwa hivyo nilinunua pikipiki kuukuu ya silinda moja, ya namna ile iliyoundwa kwa ajili ya njia za vumbi na mawe lakini ikapewa taa na nambari za usajili ili iweze kupita barabarani pia. Jirani yangu, mzee mstaafu aliyeishi kwa ajili ya pikipiki, aliizunguka mara mbili, kisha akanyooshea kidole mkebe mweusi uliofungwa ubavuni mwa fremu. Akaniambia kuwa jambo la kwanza wafanyalo waendeshaji wengi wa pikipiki za aina ile ni kuung'oa mkebe huo na kuipitisha upya mipira yake. Mkebe unachukua nafasi, alisema. Mipira yake huchakaa na kupasuka. Pikipiki ikianguka mchangani, petroli huingia ndani ya mkebe ukalowa, na baada ya hapo injini huwa na shida kuwaka. Zaidi ya hayo, pikipiki ya aina hiyo hiyo ikiuzwa katika majimbo mengine ya Marekani haikuwekwa mkebe huo. Basi ni wa nini?

Hoja zake zote zilikuwa za kweli, na ndiyo maana zilinishawishi.

Jioni moja nikachukua spana na koleo. Bolti mbili tu, na mkebe ukawa mkononi mwangu. Mipira miwili ikabaki ikining'inia: mmoja watoka tangini, mwingine watoka penye kabureta. Ule wa tangini ulinuka petroli. Nikaona si vizuri mpira unaonuka petroli uachwe wazi, nikautia bolti kinywani nikaukaza. Ule wa pili haukunuka kitu, nikauacha. Yaani niliuziba ule uliopaswa kuwa wazi, nikauacha wazi ule uliopaswa kuzibwa.

Kesho yake nilielekea milimani. Tangu mwanzo injini ilinguruma kwa namna isiyo ya kawaida. Nilipoachia mkono wa kuongezea mafuta haikutulia upesi, na mara kwa mara ilipiga vishindo katika bomba la moshi; nami kwa ujinga wangu nikadhani ndio ukali wa pikipiki iliyofunguliwa kamba. Ilikuwa ikivuta hewa ya ziada kupitia ule mpira niliouacha wazi, hata petroli ikawa haba kuliko hewa iliyochanganywa nayo, jambo ambalo huipandisha injini joto. Baada ya kilomita kumi hivi ikazimika. Nikaipiga kiki mpaka goti likauma. Nikipumzika kidogo, iliwaka ikaenda mita mia mbili au tatu, kisha ikafa tena. Hatimaye nikafungua kifuniko cha tangi nione kama petroli imekwisha. Petroli ilikuwapo tele. Kilichonishtua ni mlio wa hewa ikiingia ndani kwa nguvu. Nikafunga kifuniko, nikapiga kiki mara moja, injini ikawaka kana kwamba haikuwa na neno.

Msomaji aliyepata kutoboa tundu moja tu katika mkebe wa maziwa ataelewa yaliyotokea. Maziwa hayatoki vizuri mpaka utoboe tundu la pili la kuingizia hewa. Petroli inaposhuka kwenda kwenye kabureta, sharti hewa iingie tangini ijaze nafasi yake. Nilikuwa nimelikaba tangi koo.

Nilirekebisha mambo kwa haraka: nikautoa bolti ule mpira wa tangini, na wa kabureta nikauvika kizibo. Lakini mpira wa tangini niliuacha mfupi, mdomo wake ukiwa juu kidogo ya bomba la moshi. Wiki chache baadaye niliteleza katika mchanga, pikipiki ikalala ubavu, petroli ikatiririka kupitia mpira ule hadi kwenye bomba lililokuwa moto kama chungu cha jikoni. Mvuke mweupe ukapanda. Nilisimama hatua kumi kando nikingoja moto. Haukuwaka, na mpaka leo sijui ni kwa rehema gani.

Hapo ndipo nilipokifungua kitabu cha maelezo kwa nia ya kuelewa, wala si kwa nia ya kufungua nati. Mkebe ule umejaa makaa. Si makaa haya ya kuchomea nyama, ingawa ukoo wao ni mmoja, bali makaa yaliyotayarishwa hata yakawa na vitundu visivyohesabika, hivi kwamba gramu moja tu yaweza kuwa na eneo la ndani linalozidi mita mraba 500. Akina mama wanaoweka kipande cha kaa ndani ya jokofu ili kumeza harufu wanaijua kazi hiyo. Pikipiki inaposimama juani, petroli hugeuka mvuke, na mvuke huo hupitia mpira wa tangini ukaingia mkebeni na kunaswa na makaa. Injini ikiwashwa, huuvuta mvuke ule kupitia mpira wa pili ikauchoma pamoja na petroli nyingine, na makaa yakawa tayari kunasa tena. Kupitia mkebe huo huo, hewa hurudi tangini kadiri petroli ipunguavyo. Mkebe hauinyang'anyi injini nguvu yoyote. Unairudishia mafuta ambayo yangepotelea hewani. Na kuhusu kulowa, dawa yake kubwa ni kutojaza tangi hadi shingoni.

Kwa nini California, na si majimbo mengine? Mnamo Julai 1943 ukungu mchungu uliufunika mji wa Los Angeles, watu wakatokwa machozi barabarani. Na kwa kuwa ulikuwa wakati wa vita, wapo waliodhani kwamba Wajapani wameushambulia mji kwa gesi. Ilichukua miaka kadhaa kumjua adui. Mwanakemia mzaliwa wa Uholanzi, Arie Haagen-Smit, ambaye kabla ya hapo alikuwa akichunguza harufu ya nanasi, ndiye aliyebainisha mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwamba mvuke wa petroli na gesi za naitrojeni zitokazo kwenye injini, zikipigwa na jua, huzaa ozoni, na ozoni hiyo huyachoma macho na mapafu. Si moshi pekee, basi. Hata chombo kilichozimwa, kilichoegeshwa tu juani, huchafua hewa. Jimbo likaunda bodi yake ya hewa mwaka wa 1967, na Haagen-Smit akawa mwenyekiti wake wa kwanza. Magari mapya ya huko yakatakiwa kuzuia mvuke wa petroli kuanzia yale ya mwaka wa 1970; zamu ya pikipiki ikafika katika miaka ya 1980. Kuondoa kifaa kama hicho katika chombo cha barabarani ni kosa, kwa sheria ya jimbo na kwa Sheria ya Hewa Safi ya Marekani nzima. Mimi, mgeni wa watu, niliyavunja yote mawili kwa bolti mbili.

Nilikwenda kwa mwuza vyuma vikuukuu, nikapata mkebe mwingine, nikanunua mipira mipya, nikarudisha kila kitu mahali pake kwa kufuata mchoro. Pikipiki ile iliniendesha hadi nilipomaliza masomo.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza swali ambalo, kwa kuwa mkate wangu ni isimu, siwezi kuliepuka: ingekuwaje kama sehemu zile zingekuwa na majina yanayosema? Katika Kiingereza, jina la kifaa kile, ukilifasiri, maana yake ni mkebe tu. Limetokana na umbo, halidokezi kazi. Jirani yangu alizaliwa ndani ya lugha hiyo wala haikumsaidia kitu. Alichokiona ni mkebe, na mkebe hutupwa. Kwa hivyo simwambii mtu kwamba Waingereza wana maneno nasi hatuna. Nasema kwamba sisi ambao bado tunavipa vitu majina tuna nafasi ambayo wao waliipoteza.

Ziko istilahi zinazotaja umbo na ziko zinazotaja kazi. Kiswahili kina kiunzi imara cha hizi za pili: kiambishi ki-, kisha kitenzi, kisha kile kinachotendwa. Kipima joto. Kipaza sauti. Kizima moto. Kinasa sauti. Mtoto wa shule ya msingi akisikia jina la namna hiyo kwa mara ya kwanza, nusu ya kazi ya kifaa amekwisha kuielewa. Kwa kufuata kiunzi hicho, mkebe ule ni kinasa mvuke. Mpira wa tangini ni mpira wa pumzi, kwa maana tangi hupumua kupitia hapo. Na ule wa kabureta ni mpira wa kunyonya. Hebu jiulize, msomaji: ni nani, akiambiwa kwamba huu ni mpira wa pumzi, atachukua bolti auzibe? Na ni nani, akijua kwamba injini hunyonya kupitia mpira ule mwingine, atauacha ukinyonya hewa ya bure?

Najua watakaoniambia kwamba tumekwisha kukopa kabureta, plagi, gasketi na klachi, na kwamba hakuna ubaya kuongeza "kanista". Mimi si adui wa mkopo. Lugha isiyokopa ni lugha ya watu wasiosafiri, na Kiswahili hakijapata kuwa lugha ya watu wa namna hiyo. Lakini kuna tofauti ambayo sisi wanaisimu hatukuitilia maanani. Kabureta haihitaji wakili. Iondoe, na pikipiki haitoki hapo ilipo. Kwa hivyo kila mwanagenzi huijua kazi yake siku ya kwanza, hata kama jina lake lingekuwa Kichina. Kinasa mvuke hakina bahati hiyo. Ukikiondoa, injini yaenda vilevile, na madhara humwendea mtu mwingine, mahali pengine, siku nyingine. Sehemu ya namna hiyo, isiyoweza kujitetea yenyewe, ndiyo inayohitaji jina la kuitetea.

Tunao mfano wa nyumbani. Kanuni za usafiri alizotangaza waziri John Michuki, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, zilizilazimisha matatu kuwa na mikanda ya usalama pamoja na kifaa cha kuzuia mwendo kupita kiasi. Kifaa hicho nacho ni cha aina ile ile: matatu huenda bila hicho, tena huenda kasi zaidi. Lakini magazeti na redio zilikiita kidhibiti mwendo, na jina likaenea hadi vituoni. Sisemi kwamba vidhibiti mwendo havikuchezewa. Vilichezewa sana. Nasema kwamba mama anayeuza mboga, asiyejua lolote kuhusu injini, aliposikia kwamba kidhibiti mwendo cha matatu fulani kimechezewa, alijua papo hapo kwamba ametendewa ubaya, na aliweza kumkabili utingo kwa maneno. Kitendo kilikuwa na jina, kwa hivyo kiliweza kushtakiwa. Mwambie mama huyo kwamba kanista ya gari imetolewa, atakutazama tu.

Jambo hili si la wapenda pikipiki wa California pekee. Magari mengi yaliyotumika ambayo huletwa humu kutoka Japani yana kinasa mvuke, na wengi wa wenye magari hayo hawajapata kukiona. Si siri kwamba katika viwanja vya mafundi hutolewa sehemu nyingine pia, hasa kile kisafisha moshi kilichomo katika bomba, ambacho madini yake ya thamani yana wanunuzi. Pikipiki nyingi za bodaboda zilizoenea nchini ziliundwa bila kinasa mvuke. Lakini India, zinakotoka nyingi kati ya hizo, imekwisha kuanza kuzidai pikipiki ziuzwazo nchini humo kuudhibiti mvuke wa petroli, na siku pikipiki za namna hiyo zitakapofika kwenye vituo vyetu, fundi wa kwanza kuzifungua atakutana na kidude. Nairobi iko karibu na ikweta, zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Jua la kupikia ozoni tunalo. Na mvuke wa petroli una benzini, ambayo husababisha saratani ya damu. Anayeuvuta zaidi ya wote ni yule kijana ashindaye kutwa nzima kati ya matangi yaliyo wazi.

Kijana huyo tumempa nini? Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 yasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi. Lakini akienda chuo cha ufundi atafundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, na asipokwenda, kama ilivyo kwa wengi, atajifunza kwa macho kutoka kwa fundi aliyejifunza kwa macho. Kuwa istilahi zaweza kuundwa hilo halina ubishi. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilikwisha kutoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka wa 1990. Kasoro ni kwamba sisi tuundao istilahi tumezoea kuandikiana sisi kwa sisi. Tunajadili katika makongamano kama neno litokane na Kibantu au Kiarabu, tunapiga kura, tunakunywa chai, na orodha inakwenda rafuni. Mimi mwenyewe nimehudhuria mikutano ya namna hiyo zaidi ya nijuavyo kuhesabu, na sikumbuki hata mmoja ambao tulimwalika mtu mwenye grisi mikononi.

Kwa hivyo siku ile uwanjani nilifanya lile ambalo ningelifanya miaka mingi nyuma. Niliuokota ule mkebe kwenye rundo, nikamwomba kijana dakika tano. Nikamwonyesha mpira wa pumzi na mpira wa kunyonya, nikamweleza habari za makaa. Aliunusa mdomo wa mkebe, akautikisa karibu na sikio asikie chembe zikicheza ndani. Hakuuliza kama neno ni la Kibantu. Aliuliza: "Kwa hivyo hii kinasa mvuke ndiyo inafanya gari isinuke petroli ikilala kwa nyumba?"

Nikamwambia ndiyo. Akaupangusa kwa kitambaa, akaurudisha mahali pake, akakaza nati. Katika lile rundo ilibaki mingine minne, ambayo wenye magari walikwisha kwenda zao.